Mwalimu Jedida Nduku na Ombi la Udongo Mtupu

Jumapili ya tarehe 8 Februari mwaka huu wa 1987, siku Mwalimu Jedida Nduku alipoomba azikwe kwa udongo mtupu bila saruji, tuliokuwapo kwenye upenu wa nyumba hii hapa Tezo tulikuwa ni yeye mwenyewe, akiwa ameketi na miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya kigoda, mdogo wake Mjomba Musembi aliyekuja kumtazama kutoka Mombasa, binti wa Mwalimu, Easter, aliyetoka kwa mumewe Kaloleni, mwanawe Simeon ambaye ni mume wangu, Bi Kulthum Farjallah aliyefundisha na Mwalimu shule moja, baba yangu mzazi Mzee Kahindi ambaye ni jirani, mimi Priscilla, mkaza mwana wake, na mwanangu mdogo Nduku, aliyekuwa amelala mgongoni mwangu. Nimewataja wote kwa sababu kila mmoja aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na kwa sababu tangu siku ile hadi leo, Jumamosi ya tarehe 28 Machi, hatujakubaliana juu ya maneno hayo.

Ndugu waombolezaji, mlipoingia mmepita karibu na mifuko ya saruji iliyopangwa pale upenuni, na wengine mmeuliza ni ya nini. Ni ya Mjomba Musembi, ambaye kazi yake ni uashi, aliyeileta kwa gari la rafiki yake ili amjengee dada yake kaburi kama alivyomjengea shemeji yake Mzee Gitau, mume wa marehemu, ambaye kaburi lake mnaliona pale karibu na mkorosho. Jana jioni wazee walikaa, wakampa Mjomba neno la mwisho, kwa kuwa ndiye peke yake aliyebaki katika watoto wa mama yao, naye akasema, "Isomwe kwanza historia ya dada yangu, yote, hata yasiyonipendeza, nikishaisikia nitasema." Simeon alijaribu kuisoma mbele yetu sauti ikamkatika, ndipo Easter akasema asome Priscilla, maana yeye Mama alimfundisha darasani na akamfundisha tena jikoni. Basi ninaisoma, na mkiona nimenyamaza kidogo, mnivumilie.

Marehemu Mwalimu Jedida Nduku alizaliwa tarehe 6 Juni 1932 huko Kangundo, wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa kwanza, na mdogo wake Musembi alizaliwa mwaka 1940. Mama yao alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1943, akazikwa pembeni mwa shamba kwa udongo, kama walivyozikwa wengi wakati ule, na baada ya hapo baba yao akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu, wakabaki kwa bibi yao aliyekuwa haoni vizuri. Marehemu alikuwa msichana mdogo, lakini asubuhi alimbeba Musembi mgongoni mpaka shule ya misheni, akamlaza kwenye kona ya nyuma ya darasa juu ya kanga ya mama yao, naye mwalimu wao wa wakati ule akajifanya hamwoni yule mtoto, na mchana akawa anasahau kwa makusudi nusu ya muhogo wake mezani. Marehemu alikuwa akimtaja mwalimu yule kila mara alipokuwa akimega chakula, akisema alimfundisha jambo ambalo halimo kwenye kitabu.

Waliporudi shambani siku moja ya likizo baada ya miaka kadhaa, marehemu akiwa chuoni, walikuta shamba limeuzwa, mwenye shamba mpya amelima hadi kwenye mpaka, mahindi yamesimama, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha mama yao yuko wapi. Walitembea kwenye mistari ya mahindi, mmoja upande huu, mmoja upande ule, mpaka mwenye shamba akawaita wanywe uji wa mahindi ya shamba lile, na walipoondoka hawakuwa wamepaona. Hili Mjomba ameniomba nilisome polepole, nami nimelisoma polepole.

Marehemu alisoma katika shule ile ya misheni kuanzia mwaka 1941 hadi 1949, kisha akaingia chuo cha ualimu Machakos mwaka 1950, akamaliza Desemba 1951, na kuanzia Januari 1952 akafundisha Kangundo, ambako kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia Musembi viatu, na kwa mishahara iliyofuata akamlipia mafunzo ya uashi mpaka akapata cheti.

Tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa mjini Mombasa na Mzee Gitau, dereva wa lori katika shamba moja la mkonge hapa wilayani Kilifi, Mkikuyu ameoa Mkamba, na watu wa pande zote mbili walinuna, lakini Musembi, aliyekuwa kijana wakati ule, alisimama kanisani kama mzazi wa bibi harusi, amevaa koti la kuazima lililomzidi mikono. Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge hadi walipouziwa kipande hiki cha shamba na ukoo wa Taib, wakahamia hapa Tezo Desemba 1960, na majirani wa kwanza kuja kuwapa pole ya safari walikuwa baba yangu na mama yangu, walioleta kuni na mtungi wa maji, maana walijua mgeni siku ya kwanza hajui kisima kiko wapi.

Walijaliwa watoto wawili, Easter aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1960, na Simeon aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1963, na marehemu ameacha pia wajukuu, mmoja wao akiwa ni huyu wangu aliyechukua jina lake.

Kazi yake hapa Tezo ilianza Januari 1961 katika shule yetu ya msingi, akapewa darasa la tatu, na hakutaka kupewa darasa jingine hadi alipostaafu kwa ugonjwa Desemba 1985. Alifundisha masomo yote, lakini lililompendeza kuliko yote ni lile la viumbe na mahali vinapoishi, na wengi mlioketi hapa, hata wenye mvi, mliyasikia kwake kwa mara ya kwanza maneno makazi, mzalishaji, mlaji na mwozeshaji, yule anayegeuza kilichokufa kuwa udongo.

Nitasimulia jinsi alivyoanza vibaya, kwa sababu yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa kila darasa. Huko alikotoka, shule nzuri ilijulikana kwa uwanja uliofagiliwa ukaonyesha mistari ya ufagio, hivyo alipofika hapa akakuta majani ya mikorosho yametapakaa, akaamuru yafagiliwe kila asubuhi na kuchomwa moto, na Mwalimu Mkuu akamsifu mbele ya wazazi. Mvua za masika zilipokuja, maji yakateleza juu ya ule uwanja mgumu kama juu ya bati, yakachukua udongo wa juu, yakamomonyoa ukingo wa kisima cha shule, yakaingia hadi darasa la kwanza, na miche waliyopanda watoto ikaelea. Akaenda nyuma ya jiko la shule, kwenye pembe moja ambayo wasichana walikuwa wanakwepa kuifagia kwa kuogopa tandu, akachokoa kwa kijiti, akakuta udongo mweusi, laini, wenye unyevu, umejaa minyoo na mchwa na jongoo. Kesho yake aliwaambia watoto, "Mimi nimekosea, na nyinyi mmenitii kwa kosa langu, kuanzia leo pembe ile haifagiliwi."

Mwalimu Mkuu hakufurahi. Wakaguzi walipokaribia kuja alimsimamisha mbele ya ile pembe, nasi tunajua walivyosemezana kwa sababu mpishi wa shule aliyasikia yote akakaa akiyarudia kwa miaka.

"Mwalimu Jedida, hii ni shule au ni zizi?"

"Ni darasa, Mwalimu Mkuu."

"Darasa la nani? Mimi sioni mwanafunzi."

"Wenyewe hawa hapa ni wadogo, inama kidogo utawaona."

Mwalimu Mkuu hakuinama, alikuwa amevaa suruali nyeupe, lakini pembe ikabaki, na mpishi, bila kuombwa na mtu, akawa anamwaga maganda ya ndizi na maji ya kuoshea mchele papo hapo.

Alipofundisha mlolongo wa chakula hakuanza na ubao. Mumewe alimletea kamba ndefu ya mkonge, naye alitupanga uwanjani, akampa wa kwanza kamba na kumwambia, "Wewe ni jani, wewe ndiye mzalishaji, unajipikia mwenyewe kwa jua na maji, humwombi mtu." Wa pili akawa panzi anayekula jani, wa tatu mjusi anayekula panzi, wa nne mwewe anayekula mjusi. Mwaka wetu, 1974, mimi nilikuwa panzi, na mwewe alikuwa Kambi, ambaye leo ni fundi wa baiskeli pale njia panda, akatamba akatupigia kelele, "Mimi hanili mtu!" Mama akamwuliza, "Na ukifa?" Kambi akasema, "Sifi!" tukacheka wote, naye akangoja tumalize kucheka, akasema anahitaji mtoto wa mwisho, wa kushika upande wa mwewe na kurudisha ncha ya kamba kwa jani, mtoto huyo awe mchwa. Hakuna aliyekubali. Mmoja alisema mchwa ni mchafu, mwingine akasema mama yake atamgombeza, Kambi akasema, "Mchwa awe Priscilla, ana miguu myembamba," nikaanza kulia.

Hapo Mama akavua viatu vyake, akaingia kwenye mstari, akashika ncha zote mbili za kamba, akasema, "Mchwa ni mimi, mwewe akianguka namla mimi, namrudishia jani chakula chake, bila mimi nyinyi wote mngebaki mmelala hapa mmerundikana mpaka mbinguni." Tukacheka tena, mimi pia nikacheka na machozi yangu usoni, na tangu siku ile kila darasa la tatu likamwita Mwalimu Mchwa, hata barabarani, naye aliitika. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini hakumlazimisha mtoto mmoja, akasema, "Kazi ambayo kila mtu anaikataa, mkubwa aishike kwanza."

Alitaka watoto wayaone yale anayoyataja. Alitupeleka Ngomeni tuone mikoko, tukaingia kwenye tope mpaka magotini, akatuonyesha mizizi iliyochomoza kama vidole ili mti upate kupumua, na kaa wanaoburuta majani kwenye mashimo yao, na dagaa wadogo waliojificha ndani, akasema haya ndiyo makazi yao, mti ukikatwa nyumba imebomoka na mwenye nyumba hayuko kortini kulalamika. Safari nyingine alitupeleka Kaloleni, na njiani akatuambia tutazame dirishani na tutaje, hapa ni pwani yenye minazi, hapa ni nyika yenye miiba na miti mifupi inayobana maji, hapa ni kilimani, mvua ni nyingi na majani ni mapana, kila mahali na wenyeji wake, na mwenyeji wa hapa ukimpeleka kule si ajabu akafa. Alipofika kwenye jangwa na nchi ya barafu ilikuwa shida, hakuna gari la kutufikisha huko.

Kwa nchi ya barafu alisaidiwa na Bi Kulthum. Kaka yake Bi Kulthum alikuwa akiuza samaki Malindi, naye siku moja alikata pande la barafu la samaki, akalifunga kwa unga wa mbao na gunia, akampa kondakta wa basi la asubuhi, na kondakta yule, ambaye hatukujua hata jina lake, alilishikilia mapajani mwake njia nzima lisigonge, akashuka nalo hapa nguo zikiwa zimelowa kama amejikojolea, abiria wanamcheka. Lilipofika darasani lilikuwa dogo kama kikombe. Mama akatuambia tuwaze nchi nzima iko hivi, hakuna mti mrefu, kuna kuvu na nyasi fupi na wanyama wenye manyoya mazito, kila mtoto aguse ampe mwenzake, na likazunguka, na lilipofika kwa wa mwisho, msichana mmoja mpole wa kule kwa Kaingu, akafungua kiganja akasema, "Mwalimu, nchi imekwisha." Mama hakucheka. Alimfuta mkono kwa leso yake, na juma lililofuata Bi Kulthum akaleta pande jingine kwa ajili ya msichana yule, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kuligusa.

Mzee Gitau alifariki tarehe 3 Agosti 1979, akazikwa hapa shambani, na Mjomba Musembi alikuja na kumjengea kaburi kwa mikono yake, akalipiga lipu likawa laini kama meza, na marehemu alimshukuru kwa dhati. Lakini nilimwona mara nyingi baadaye, nilipokuwa nimeolewa na Simeon mwaka 1984 na kuhamia nyumba hii, akisimama pale asubuhi akitoa majani ya mkorosho yaliyoanguka juu ya saruji, akiyaweka pembeni kwenye udongo moja moja, kama mtu anayewaonyesha wageni mlango.

Ugonjwa wake ulianza katikati ya mwaka 1985, moyo ulipanuka, miguu ikajaa maji, pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitalini Kilifi mara kwa mara, akitoka akirudi. Nyumbani alikuwa ananitazama nikifagia, akasema, "Priscilla, pale chini ya mkorosho acha," nami nikaacha. Na nilipojifungua Novemba mwaka jana, akiwa yeye mwenyewe haamki vizuri, alinibebea mtoto kifuani mwake nipate kulala, na nilipoamka nilikuta amemwimbia majina ya vitu vyote vinavyoonekana kutoka kitandani.

Sasa nasema yaliyosemwa tarehe 8 Februari, bila kuongeza wala kupunguza. Tulikuwa tunakunywa chai, na Mama akasema, "Musembi, siku yangu ikifika usinijengee. Nataka udongo tu."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Dada, acha maneno hayo."

"Nimewafundisha watoto wa watu tangu hujaoa kwamba kinachoanguka kinarudi. Wataletwa mazishini hao watoto. Mkinifunika kwa saruji, watasema Mwalimu alitudanganya."

"Watoto watasahau."

"Kambi hajasahau mpaka leo, bado ananiita Mchwa akipita hapa na baiskeli." Tukacheka, akamalizia, "Siku zote nimekuwa mchwa. Siku ile nataka niwe jani."

Bi Kulthum akasema, "Mwalimu Musembi, samahani kukuingilia," maana kwa heshima alikuwa anamwita mwalimu ingawa ni fundi, "sisi wetu twawazika hivyo hivyo, udongo na kipande cha jiwe, na wallahi hatujawasahau."

Mjomba akamjibu kwa adabu, "Dada yangu, nyinyi mna makaburi yenu ya pamoja na watu wa kuyatunza. Sisi ni wa kuhamahama. Leo Tezo, kesho watoto wamepata kazi Nairobi, shamba limeuzwa, mtu analima." Kisha akamgeukia dada yake na sauti yake ikabadilika. "Mama alifunikwa kwa udongo. Nionyeshe alipo."

Baba yangu akatazama chini. Mama akasema, "Sijui alipo, Musembi."

"Basi."

"Lakini mahindi yale siku ile tulipewa uji wake tukanywa, wewe ukaomba kuongezwa."

Mjomba alisimama. Hakukasirika kwa sauti, alichukua kofia yake, akaniambia, "Shemeji, asante kwa chai," akasahau kwamba mimi ni mke wa mpwa wake, akaenda barabarani kungoja gari, na chai yake ilibaki nusu. Mama alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, akaniambia, "Mfungie mihogo, mkimbilie, hajala," nami nikakimbia nikamkuta, akaipokea kwa mikono miwili akiwa analia.

Alirudi kila Jumamosi. Hospitalini ndiye aliyekuwa akimnyanyua dada yake akae, kwa sababu mikono ya mwashi ina nguvu na haitetemeki, akimsugua mgongo, akimkata kucha, na hakuna aliyetaja tena saruji wala udongo, si yeye wala Mama. Marehemu alifariki hospitalini Kilifi siku ya Alhamisi, tarehe 19 Machi 1987, saa nne asubuhi, mkono mmoja umeshikwa na Easter na mmoja na Mjomba, naye kabla ya hapo alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka nywele bila kuambiwa, akasema mgonjwa akisukwa hujiona bado ni mtu. Tunawashukuru walimu wa shule yetu, na Bi Kulthum ambaye kwa siku zote za matanga amepika uji wa watoto nyumbani kwake ili sisi tusihangaike na jiko. Tunawashukuru majirani, baba yangu Mzee Kahindi na vijana wake waliochimba kaburi tangu alfajiri, wakaweka udongo mweusi wa juu upande mmoja na ule mwekundu wa chini upande mwingine, kila mmoja kivyake, jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Tunamshukuru Kambi aliyefunga duka leo, na wanafunzi wa darasa la tatu waliosimama pale wameshika kamba ya mkonge ambayo sikujua kama bado iko.

Na tunamshukuru Mjomba Musembi kwa saruji. Mjomba, hukuileta kwa kiburi, sote tunajua umeileta kwa nini. Umesema isomwe yote, nimeisoma yote, la mama yenu nimelisoma na la mahindi nimelisoma. Neno ni lako, na lolote utakalosema, hapa nyumbani mlango wako ni uleule na kikombe chako ni kilekile.

Mwalimu wetu, mama yetu, kazi uliyoishika pale wote walipoikataa umeimaliza. Lala kwa amani, upumzike.

*

Haya ya mwisho sikuyasoma siku ile, nimeyaongeza kwa ajili ya nakala itakayobaki na watoto.

Nilipokunja karatasi, watoto wadogo walianza kuulizana Mjomba atasema nini. Mjomba akainuka, akavua koti, akamwomba baba yangu jembe, akaenda kwenye rundo la udongo mweusi, akawauliza vijana, "Huu ndio wa juu?" wakasema ndiyo, akasema, "Basi uingie wa mwisho, ubaki juu," akaanza na ule mwekundu, yeye wa kwanza.

Saruji alikaa nayo hapa hadi Jumatatu, akaipeleka shuleni, akajenga upya ukingo wa kisima uliokuwa ukibomoka tangu mvua zile za mwanzo, na kabla haujakauka akaandika kwa ncha ya mwiko jina la dada yake na chini yake jina la mama yao. Sasa ni Julai, masika yamepita, watoto wanachota maji pale bila kuteleza, na kaburi limeota majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Hatulifagii.